Naombeni ushauri: mtoto asimulie maisha yote ya Fleet Walker au aruke kipande?

Wakuu, salaam. Tunaishi Ohio, na binti yangu wa miaka 11 amepewa dakika tano shuleni amwelezee mchezaji wa besiboli wa zamani. Kamchagua Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya Toledo mwaka 1884, Mmarekani mweusi aliyecheza ligi kuu miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, ambaye wengi humdhani ndiye mweusi wa kwanza huko.

Familia ndiyo iliyomnasa. Baba mtu alikuwa daktari kule Steubenville, na mdogo wake, Weldy, naye aliichezea Toledo mwaka huohuo. Mkewe Arabella alimzalia watoto watatu, akafariki 1895. Ila kinachomuuma binti ni huyu Tony Mullane, mrushaji wa timu yao wenyewe. Mdakaji ndiye humwonyesha mrushaji kwa ishara mpira wa kurusha, ila huyu alizipuuza ishara za Walker kwa kuwa tu ni mweusi, akawa anarusha anavyotaka, na mwenzie adake hivyohivyo, enzi ambazo glovu za maana hazikuwepo. Nilimwona mtoto anageuza viganja vyake kuviangalia.

Sasa shida iko hapa. Mwaka 1891, mjini Syracuse, Walker alizozana na kundi la wazungu, akamchoma mmoja kisu, akafa. Alishtakiwa kwa mauaji, na baraza la mahakama, raia wazungu watupu waliosikiliza kesi, likamwachia huru. Mama yake binti anasema hiyo iachwe kabisa. Mimi naona wenzake darasani wataikuta kwenye simu kabla hajakaa chini.

Wenye watoto wa umri huu, mngefanyaje? Anasimama Alhamisi.