Naombeni ushauri: programu ya benki inaukataa uso wangu

Mkulima_Arua: Wakuu, benki imenitaka nithibitishe utambulisho upya kwa simu: nipige picha kitambulisho cha taifa pande zote mbili, niandike NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa, kisha nijipige picha ya uso huku nikipepesa macho. Nimejaribu mara nne, na kila mara naambiwa taarifa hazilingani. Fedha za mbegu zimekwama humo. Nifanye nini?

Bibi_wa_Busia: Mwanangu, pangusa kioo cha kamera, usimame penye mwanga. Mimi nilikataliwa siku mbili kwa sababu ya kilemba, mpaka mjukuu akanivua kwa nguvu, nikaingia kichwa wazi kama nimefiwa.

Kobe_Mzee: Vitambulisho vya 2014 vilikuwa vya miaka 10 tu, na NIRA, mamlaka ya vitambulisho hapa Uganda, ilianza kuandikisha upya Mei 2025. Chako ni cha lini? Na laini imesajiliwa kwa jina la nani?

Mkulima_Arua: Changu ni kipya. Laini ilisajiliwa 2017 kwa kitambulisho cha kaka yangu, maana mimi sikuwa nacho na laini zilikuwa zikizimwa. Akaunti niliifungulia humo humo kwenye simu, ikafuata jina lake. NIN ninayoandika ni hiyo hiyo yake, CF na herufi na tarakimu zake 12 zilizobaki. Lakini PIN ninayo mimi, kwa hiyo sioni kosa. Yupo kijana mjini anayepitisha uso kwa shilingi 50,000, na tumekwisha kuelewana.

Ustadhi: Kumpa kijana huyo PIN ni kumkabidhi mwizi ufunguo na kumshikia taa.

Karani_Gulu: Ndugu zangu, NIN ya raia wa kiume huanza na CM, CF ni ya mwanamke. Ama kaka huyu ni dada, ama kisa kimetungwa, ama tunamfundisha mtu kufungua sanduku la mwenzake.

Mkulima_Arua: Sikutunga. Ni cha mama watoto, tuliyeachana Januari. Fedha ni jasho langu, na nikimwita aje atazame kamera atadai nusu.

Kobe_Mzee: Basi kamera imefanya kazi yake. Nendeni wote wawili kwenye tawi na vitambulisho vyenu, aombe mwenyewe fedha zihamie akaunti yenye NIN yako, kisha usajili laini kwa jina lako.

Mkulima_Arua: Na nusu je?

Bibi_wa_Busia: Shamba hilo, msimu uliopita, alilipalilia nani?