Wa North Sentinel: India iendelee kuwaacha, au iwafikie?

Mchwa wa Magomeni:
Wakuu, heshima kwenu. Machi 2025 Mmarekani mmoja alikamatwa kwa kutia mguu North Sentinel, kile kisiwa cha Andaman, India, ambacho wenyeji wake wamejitenga na dunia. Aliacha nazi na kopo la soda ufukweni. Kabla yake, Novemba 2018, John Allen Chau alikwenda kuwahubiria, wakamuua. Sheria ya India ya 1956 inakataza wageni kwenda huko. Mimi naiunga mkono. Wengine wanasema inawanyima watu wale dawa na shule. Nyie mnasemaje?

Kipanga:
Inawanyima, ndiyo. Mtoto wa pale akiugua homa kali, anakufa serikali ikitazama. Wamewafanya kama wanyama wa mbugani. Na wale ni Waafrika wenzetu kabisa, tazama nywele na ngozi!

Mama Zuhura:
Wanyama wa mbugani? Waliowatendea kinyama ni hao waliowafikia. Mwaka 1880 Mwingereza Portman aliwakamata wazee wawili na watoto wanne wa kisiwa hicho, akawapeleka Port Blair, mji mkuu wa Andaman. Wazee wakafa, watoto wakarudishwa na zawadi. Majirani zao wa Andaman Kuu walikuwa maelfu, leo ni makumi tu. Boa Senior, mmoja wao, alipofariki 2010, lugha ya Bo ilikwenda naye kaburini.

Kipanga:
Dada, usinilishe maneno. Niliyemlaumu ni serikali, sikuwatukana wenyeji.

Mzee wa Chumbageni:
Mimi limeniudhi hilo la "Waafrika wenzetu". Watu wale wapo visiwani tangu enzi na enzi, hawakuvuka kwa jahazi kutoka kwetu. Ukitaka waliotoka huku, wapo Wasiddi wa Gujarat, Karnataka na Hyderabad. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akaishia kuutawala usultani wa Ahmadnagar kule India kwa niaba ya sultani. Wamughali, watawala wa dola kubwa ya India enzi hizo, hawakumweza mpaka alipokufa 1626.

Dogo wa Likoni:
Shikamoo mzee. Ila Wasiddi wa leo si kuwachezea watalii ngoma kule msitu wa Gir, Gujarat, tu? Ufalme ulishaisha.

Mzee wa Chumbageni:
Marahaba. Lakini chunga kinywa, kijana. Hirabai Lobi, Msiddi wa kijiji cha Jambur huko huko Gir, alipewa Padma Shri, nishani ya heshima ya serikali ya India, 2023 kwa kuwainua wanawake wenzake. Huyo naye ni mchezaji wa watalii?

Mama Zuhura:
Na ngoma ni ibada yao, wanaipiga kwa Bava Gor, walii wao. Mnaidharau kwa sababu mmeiona kwenye video ya hoteli.

Dogo wa Likoni:
Sikudharau ngoma, mama. Nauliza maisha yao. Nasikia serikali iliwachukua vijana wao kwenye riadha, kama 1987 hivi, kwa kuwa "damu ya Kiafrika inakimbia", halafu mpango ukafutwa wakarudi vijijini. Hilo ndilo linaniuma.

Kipanga:
Sasa hapo mnakubali kwamba ni damu yetu!

Mzee wa Chumbageni:
Sijakubali chochote. Wanasema Kigujarati, Kikonkani na Kikannada. Wamo Waislamu, Wahindu na Wakristo. Wa Karnataka waliingizwa kwenye orodha ya makabila yenye haki maalumu mwaka 2003 baada ya kudai kama raia wa India. Sisi tulikuwa wapi wakati wakidai?

Mchwa wa Magomeni:
Wakuu, North Sentinel jamani.

Kipanga:
Nimeuliza dawa toka mwanzo, hakuna aliyenijibu.

Mama Zuhura:
Nakujibu. Wajarawa, majirani zao, walianza kutoka msituni mwishoni mwa miaka ya 1990. 1999 surua ikawaingia. Daktari walimpata, ndiyo, lakini ugonjwa wenyewe uliletwa na barabara iliyopasua msitu wao. Baadaye watalii wakawa wanawapa chakula wacheze, na video zikasambaa 2012. Unataka hayo yavuke bahari?

Kipanga:
Basi wapelekwe madaktari peke yao, waliochanjwa na kupimwa.

Mama Zuhura:
Na wakipokelewa kwa mishale, utamtuma nani wa pili?

Dogo wa Likoni:
Mzee, Jambur mtu anafikaje? Nataka niende nikawasikilize wenyewe.