Kiwanja kimoja, hati moja, nyumba mbili: nimeuziwa nyumba isiyo na njia Kinyerezi

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mwaka jana nilinunua nyumba Kinyerezi, Dar es Salaam. Tangazo lilisema nyumba mbili mpya, kila moja inajitegemea, kila moja mita za mraba 300, vyumba vitatu kimoja masta, eneo limepimwa, hati ipo. Dalali naye wimbo wake ulikuwa huohuo: "Kaka, hati ipo, wewe lete hela tu." Na kweli ilikuwepo. Moja. Ya kiwanja kizima cha mita 20 kwa 30, kwa jina la muuzaji. Nikaambiwa mgawanyo "uko kwenye mchakato", hati mbili zitatoka muda si mrefu, tukaandikishana mbele ya mwanasheria na serikali ya mtaa. Mpaka leo mchakato hauonekani. Nimekwenda ofisi ya mipango miji kuulizia: hakuna ombi lolote la kugawa kiwanja hicho. Hajapeleka hata barua!

Kwa wasiopajua, Kinyerezi ni kati ya maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na kina Bunju, Toangoma na Buyuni. Wakati ule mtu alipewa kiwanja chake, akajenga nyumba moja, akapanda na miembe. Sasa hivi mkoa una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, bei za viwanja hazishikiki, na kila mwenye nafasi nyuma ya nyumba anaona hela imelala. Sina ugomvi na mtu kugawa kiwanja chake. Ninachogombana nacho ni mtu kugawa kwa tofali halafu kwenye karatasi akaacha kama kilivyokuwa.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo nilipoibiwa. Kiwanja ni mita 20 upande wa barabarani, 30 kwenda nyuma. Kingegawanywa kwa urefu, kila mtu angepata ukanda wa mita 10 kwa 30, na kila mtu ana geti lake barabarani. Ukiacha mita moja na nusu kila upande, unabaki na upana wa mita saba. Nyumba nyembamba, ndiyo, lakini kwa urefu ule vyumba vitatu vinaingia bila taabu. Muuzaji hakutaka hivyo, kwa sababu nyumba ya mita saba haina sura ya kupigia picha. Akakata kwa upana: mbele 20 kwa 15, nyuma 20 kwa 15. Nyumba ya mbele ikapata sura pana na baraza la nguzo. Ya nyuma, yaani yangu, ikapewa kichochoro.

Sasa chukueni mkataba wangu: mita 300. Chukueni mkataba wa jirani wa mbele: mita 300. Jumla 600, kiwanja kimeisha. Kichochoro ninachopita kila siku kiko wapi? Kiko ndani ya 300 za jirani! Kwenye karatasi zake ni eneo lake, kwenye zangu hakitajwi hata kwa mstari mmoja. Muuzaji ameuza kipande kilekile mara mbili, kwa jirani kama uwanja na kwangu kama njia ya mdomo. Jirani akiamka siku amechukia, anaita fundi, anapandisha tofali, mimi naingia nyumbani kwa ngazi.

Na hicho kichochoro chenyewe nimekipima kwa futi ya fundi: mita mbili na robo. Gari dogo linapita ukikunja vioo vya pembeni. Lori la mchanga halipiti, linamwaga barabarani, halafu unalipa vijana wa toroli. Gari la zimamoto hata tusilizungumzie. Katikati ya njia kuna chemba, mfuniko wake umeshapasuka kwa kukanyagwa na matairi, na jua likiwaka harufu inaingia moja kwa moja jikoni kwangu. Dirisha la jiko linatazamana na dirisha la choo cha jirani. Ukikaanga vitunguu, wao wanajua. Wao wakivuta maji, sisi tunajua.

Nyumba "zinazojitegemea", wakuu, lakini karo la maji taka ni moja, liko nyuma kwangu. Masika lilijaa. Gari la kunyonya likaja, halikuweza kuingia, likasimama barabarani. Mpira ukavutwa kupitia baraza la jirani, juu ya vigae vyake, ukavuja pale kwenye kiungio. Mama wa watu alikuwa na wageni. Nilimwomba radhi mpaka basi, akaniambia, "Baba, mimi sina tatizo na wewe, ila huyu aliyetuuzia nikimwona sijui." Huyo ndiye jirani yangu, mtu mwema, na bado tunagombanishwa na vitu visivyotuhusu.

Mita ya umeme ya LUKU nayo ni moja, iko kwake, mimi nimewekewa kimita cha ndani. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye umeme, 1,500 kwa mwezi. Tunakaa watu wazima wawili kugawana 750.

Mtu ataniambia Dar ndiyo ilivyo. Hapana. Utaratibu upo na hauna siri. Unapeleka ombi mamlaka ya mipango, mchoro unarekebishwa na kuidhinishwa, mpima anakuja kuweka bikoni mpya, yaani mawe ya mipaka, ramani ya upimaji inaidhinishwa, unarudisha hati ya zamani, zinatoka mbili zenye namba mbili. Sheria ya Mipango Miji ni ya 2007, haikutungwa jana. Kwenye mchoro huohuo ndiko afisa angeuliza "huyu wa nyuma anatokea wapi?" na ndiyo maana muuzaji alikwepa. Kibali cha ujenzi nilichoonyeshwa kinasema nyumba moja na banda la nje. Mimi na familia yangu, kwa mujibu wa halmashauri, tunaishi kwenye banda.

Nilitaka mkopo nimalizie fensi na kuchimba karo langu. Benki wakaniuliza hati iko kwa jina la nani. Nikakunja faili nikaondoka.

Nikimpigia muuzaji anajibu "nipo kikaoni bosi wangu". Nikimfuata site nakuta yuko na dalali yuleyule, mtaa wa pili, kiwanja kingine cha 20 kwa 30, msingi umeshapanda, umekatwa mbele na nyuma vilevile. Bango limeshaning'inizwa: mita 300 kila moja, hati ipo. Kuna mtu anapiga ile namba sasa hivi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema niweke zuio kwa Msajili wa Hati, nimeshaweka, kwa hiyo hawezi kuuza wala kukopea kiwanja hiki kimyakimya. Aliyesema "bomoa ujenge ghorofa", asante kwa ushauri, tuma na hela. Anayesema jirani anisainie haki ya njia: tumeshakubaliana na yuko tayari, ila naye hana hati, anatoaje njia kwenye ardhi ambayo kwenye daftari bado si yake? Kila kitu kinarudi kwenye saini ya mtu mmoja.

Tunajiandaa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mimi na jirani, shauri moja. Tutakachoomba ni muuzaji alazimishwe kupeleka ombi la mgawanyo, njia ichorwe upana wa gari kwa gharama zake, na jirani alipwe kwa mita atakazopoteza. Kama kuna aliyeshinda kesi ya namna hii, aandike hapa hapa ilichukua muda gani na alidai kwa vifungu vipi. Madalali mnaokuja PM na "kaka nina nyumba nyingine nzuri Mbezi", nawaombeni sana, mniache.