Hakuna kibarua wa miaka minne

Simama Lunga Lunga Road, Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye lango la kiwanda. Kuna foleni, kuna kijana mwenye daftari anayesoma majina. Majina ni yale yale ya jana, ya mwezi jana, ya mwaka jana. Mashine ni ile ile na msimamizi ni yule yule. Halafu siku ya kufutwa mtu anaambiwa papo hapo getini: "Wewe ni kibarua tu, hatuna deni nawe." Huo ni uongo, na tumeuchoka!

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haijali mtu anaitwa nani. Kibarua ni yule anayelipwa kila siku jioni na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Ukilipwa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, hilo jina halikufai.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kina njia mbili za kumgeuza kibarua kuwa mfanyakazi wa mwezi, na waajiri hujifanya wanajua moja tu. Ya kwanza: ukifanya kazi siku mfululizo zikafika jumla ya mwezi mmoja, unahesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo sababu watu hurudishwa nyumbani siku ya 25, wakakaa wiki, kisha wakaitwa tena. Wanadhani wamekata hesabu. Njia ya pili inaitazama kazi yenyewe: kama haitarajiwi kuisha ndani ya miezi mitatu, umegeuka pia. Kupakia unga, kufagia ghala, kulinda lango, kazi hizo huisha lini? Na ukishageuka hivyo na umefanya miezi miwili mfululizo tangu siku uliyoanza kama kibarua, unastahili masharti kama mtu ambaye hakuanza kama kibarua: notisi ya siku 28 kwa maandishi na likizo ya siku 1.75 kwa kila mwezi uliotimia. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, miezi kumi bila likizo ni siku 17.5. Gawa mshahara kwa siku 26 za kazi, uzidishe: kama shilingi 13,460. Hizo ndizo wanazobaki nazo mfukoni kila wanapokuita kibarua, kabla hata ya kuhesabu notisi.

Tusidanganyane, mianya ipo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kifungu hicho hakimgeuzi anayelipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi anachomaliza. Tangu hapo si ajabu kukuta mtu wa siku ameandikiwa "kipande" kwenye daftari huku akiingia na kutoka kwa saa zile zile. Mwanya mkubwa zaidi ni mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sheria haijaweka kikomo cha mara ngapi irudiwe, na mahakama hushikilia kwamba muda ukiisha umeisha, isipokuwa mwajiri alikupa ahadi ya kweli ya kuendelea. Ahadi ya mdomo ya bosi ni vigumu kuithibitisha. Mwombe aiandike, hata kwa barua pepe ya mistari miwili. Wabunge wangeweza kuuziba mwanya huu kwa sentensi moja: mkataba ukirudiwa mara kadhaa kwa kazi ile ile, uwe wa kudumu.

Kuna na waajiri wa ofisi za Westlands, Nairobi, wanaonakili mikataba ya Marekani: "tunaweza kukuachisha wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu." Hiyo ni sheria ya kwao, na hata huko jimbo la Montana haliifuati. Hapa Kenya mwajiri lazima athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Anayedai umekosa au huwezi kazi, kifungu cha 41 kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akusikilize ndipo aamue. Kulipa notisi hakufuti sharti hilo. Kipindi cha majaribio nacho hakizidi miezi sita, na kuongeza hadi sita mingine kunahitaji ukubali wewe. Mwaka 2021 majaji watatu waliamua kwamba hata aliye majaribioni hafai kunyimwa nafasi ya kusikilizwa.

Kesi nyingi hufa kwa kukosa ushahidi. Daftari la getini linabaki kwao, kwa hiyo lipige picha ukurasa wenye jina lako mara kwa mara. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi yote na ya michango ya NSSF. Mwezi uliokatwa pesa bila mchango kuonekana ni kosa jingine la mwajiri. Ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na kuandika ni jukumu lake: akishindwa kutoa mkataba kortini, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Karatasi ya "nimelipwa yote, sina dai" usiitie sahihi siku hiyo. Iombe, uende nayo nyumbani.

Malalamiko ya kufutwa yafike ofisi ya leba ndani ya miezi mitatu. Kesi ya kortini, kama kule Milimani, Nairobi, ina miaka mitatu tangu siku ya kufutwa, na kujadiliana na kampuni hakusimamishi hesabu. Kwa dhuluma ya kila mwezi, kama ovataimu isiyolipwa, muda unaweza kuwa miezi 12 tu tangu ilipokoma.