Mafundi, acheni kufunga betri na mota mpya ya stata bila kupima!

Wakuu, hili linakera. Pikipiki inaletwa, ukibonyeza stata inalia "ta!" mara moja, kimya. Fundi hajagusa hata kipima umeme, tayari: "Betri imekufa." Inafungwa mpya, mlio uleule. Sasa lawama zinahamia kwenye mota. Mwenye pikipiki amelipia vitu viwili bure na ugonjwa upo palepale.

Pimeni! Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 hadi 12.8 imejaa. Chini ya 12.2 ichajiwe kwanza, msihukumu kitu. Kisha bonyeza stata huku pini za kipimo ziko juu ya vichwa vya betri. Volti zikiporomoka chini ya 9.5, betri ni dhaifu, au mota imekwama inakula umeme kupita kiasi. Zikibaki juu ya 10 na mota haizunguki, iacheni betri ya watu. Umeme unapotelea njiani, au mota yenyewe ndiyo mbovu; anzeni na njiani.

Na njiani ndiko hamtaki kuangalia. Weka pini kwenye zile bolti mbili nene za rilei, ile swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota. Kabla ya kubonyeza utasoma volti za betri, ukibonyeza zishuke karibu na sifuri. Zikibaki zaidi ya 0.5, shaba ya ndani imeungua: rilei inalia vizuri tu, lakini haipitishi. Huo mlio ndio unaowadanganya kila siku!

Rilei ikiwa nzima, hamia kwenye waya wa hasi. Pini moja kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza. Ikizidi volti 0.2, fungua bolti ya waya huo, piga msasa kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza. Msipime hapo kabla ya kutibu rilei, maana umeme usipopita mtasoma sifuri na kudhani waya ni mzima.

Rilei isipolia kabisa, anzeni na fyuzi, swichi ya klachi, ya stendi na ya nyutro. Mota ikizunguka bila kugeuza injini, klachi ya stata, ile inayounganisha mota na injini, imekwisha; betri haihusiki.

Na hata mota ikithibitika ndiyo mbovu, ifungueni kwanza. Mara nyingi ni kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha zikawa fupi, na zinabadilishwa zenyewe. Kwa nini mnauza mota nzima?