Filamu za Uingereza na maisha ya wafanyakazi: tuangalie nini hasa?

Mpenda_Senema: Wakuu, naandaa mjadala wa klabu ya filamu. Vipande vitatoka Saturday Night and Sunday Morning (1960), Kes (1969) na I, Daniel Blake (2016). Watu waangalie nini? Sitaki tuishie kusema "inasikitisha".

Fundi_Lenzi: Mkuu, anza na mahali kamera iliposimama. Kwenye Kes, mpiga picha Chris Menges aliiweka mbali, lenzi ndefu (ile inayovuta vya mbali), kimo cha macho ya mtu, mwanga mwingi ukiwa wa dirishani. Mwigizaji hasongwi na mitambo, na mtazamaji anakuwa kama mtu aliyekaa kona ya chumba. Mwongozaji wake, Ken Loach, pia hupiga matukio kwa mfuatano wa hadithi, skripti anaitoa kidogo kidogo. David Bradley, mwigizaji mkuu wa Kes, alikuwa mwanafunzi wa mji wa Barnsley. Lafudhi ile ni ya kwao kabisa, kwa hiyo washa manukuu. Mfuatano una gharama, maana mnarudi eneo lilelile mara kadhaa. Lakini asiyesomea uigizaji akiombwa alie leo kwa jambo litakalopigwa wiki ijayo, atakwama.

Bi_Mhariri: Usiiruke picha ya kilimani. Filamu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 60 zinayo: mhusika juu, mji wa viwanda na mabomba ya moshi chini. Inapendeza, na kosa lake ni hilohilo, mitaa ya watu inageuka mandhari. Ni jicho la mgeni. Waongozaji wa wakati ule Tony Richardson na Lindsay Anderson, kwa mfano, walisomea Chuo Kikuu cha Oxford. Kisha weka ufunguzi wa Saturday Night: mhusika mkuu Arthur yuko kwenye mashine ya kukereza chuma, Nottingham, anahesabu vipande, 954, 955. Analipwa kwa kipande. Waulize kwa nini anahesabu, mshahara na hasira yake vitajieleza.

Fundi_Lenzi: Hapo kwenye kuhesabu umenena, Bi Mhariri.

Mzee_wa_Fremu: Kwa Daniel Blake chukua benki ya chakula (wanapogawa chakula bure kwa wasiojiweza) ya Newcastle, lakini anzia kwenye foleni ya nje. Ukikata moja kwa moja hadi Katie, yule mama, anapofungua kopo na kula kwa mkono, njaa inaonekana kama kishtuo. Amekuwa akijinyima ili watoto wake wawili wale. Kamera haimvamii usoni. Rudia kipande ukiweka chini yake muziki wowote wa huzuni: mara moja watu wataanza kumwonea huruma badala ya kuikasirikia ofisi iliyomnyima posho ya serikali.