MREJESHO: Nimechukua Game Boy Advance SP, asanteni sana

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliwauliza nichukue Game Boy (kile kimashine cha gemu cha mkononi cha Nintendo) ya kwanza kabisa, ile ya 1989, au SP ya 2003, maana nilitaka nicheze tena gemu tulizokuwa tunacheza na marehemu kaka kule Ngamiani. Wengi mlisema SP na ndo nimechukua, imetumika ila safi. Mlikuwa sahihi, ile ya zamani inakula betri 4 za AA na kioo hakina taa, sasa umeme ukikatika usiku hapa Tanga unaona nini? SP unachaji, unaikunja unatia mfukoni, na kaseti (vile vibati vya gemu vya kuchomeka) za Game Boy za zamani inasoma. Haina tundu la hedifoni tu, hapo sijapapenda.

Shida ikaja kwenye kaseti aliyoacha kaka. Stika imechubuka ila herufi za jina lake alizoandika kwa kalamu bado zinasomeka. Inawaka vizuri ila ukisevu ukazima, ukirudi hakuna kitu, kumbe ndani kuna kibetri cha duara kama cha saa ndo kinatunza kumbukumbu na kilishakufa zamani. Fundi wa simu akaifungua, akatoa kile akachomelea kipya kwa risasi taratibuu, mi nimesimama pembeni roho juu. Sasa inasevu!

Jana nimempa mtoto wa marehemu kaka, ana miaka 9, kakomaa nayo barazani mpaka adhana ya magharibi.